Miguu Isiyosikia Tope

14 Oktoba

Mume wangu Eunan ameondoka asubuhi kurudi baharini, kwenye ile mitambo ya umeme wa upepo, na mvua ikaingia nyuma yake kana kwamba ilikuwa inangoja gari litoke langoni. Kufika jioni ua wa mazizi umeshakuwa uji. Kati ya zizi la kwanza na rundo la samadi tope linapita vifundo vya miguu, na bado ni Oktoba.

Nimebaki na baba yake, mzee Phelim, na farasi. Sita ni wetu, wengine ni wa watu wa mjini wanaokuja Jumamosi kuwapanda, kisha wanatuachia uchafu wa wiki nzima. Mzee ana miaka sabini na minne. Hapendi kusaidiwa, hapendi kuulizwa, na tangu niolewe nyumba hii hajawahi kuniita Dervla bila kuwa na kosa la kunionyesha.

Jioni alikaa karibu na jiko akavua buti. Zimepasuka pembeni, na maji yakamwagika sakafuni. Soksi zimelowa chapachapa, vidole vimekunjamana kama vya maiti aliyeopolewa. Nikamuuliza, "Baba, hukuhisi maji?"

Akaitazama miguu yake kama anatazama miguu ya jirani. "Maji gani?"

15 Oktoba

Mvua.

17 Oktoba

Mvua. Nora, yule farasi jike mzee, ameng'olewa chuma cha kwato na tope. Tumekitafuta kwa uma wa samadi tusikipate.

20 Oktoba

Muuguzi Breege amekuja kumpima sukari. Nikamwambia habari ya maji, mbele ya mzee mwenyewe, na nikaona jicho alilonikata. Breege akamwambia afumbe macho, atamgusa nyayo kwa uzi mgumu, naye aseme ndiyo kila anapohisi.

"Ndiyo," akasema mzee.

"Sijakugusa bado, Phelim."

"Basi fanya haraka, nina farasi wa kulisha."

Akamgusa kisigino, akamgusa chini ya kidole gumba, akamgusa kila mahali. Mzee kimya, macho kayafumba, anangoja. Alikuwa anangoja kweli, kama mtoto anayengoja kufichuliwa kwenye mchezo. Breege alipomaliza akaniangalia mimi, si yeye.

Mlangoni akanieleza. Kisukari kimeua mishipa ya fahamu ya miguu. Ni ganzi mpaka juu ya vifundo. Kiatu kikimbana hatajua. Akikanyaga kitu hatajua. Miguu ikikaa na unyevu, ngozi italainika, itachanika, na kidonda cha mguu kama ule hakiponi kirahisi. "Ingekuwa mimi, ningemtoa uani kabisa," akasema. "Kwa kuwa hamtaweza kumtoa, mtafutieni buti za maana."

24 Oktoba

Duka la Assumpta, mjini. Anauza matandiko, hatamu, dawa za kwato na kila kinachovaliwa na mpanda farasi. Nilimpeleka mzee alasiri maana Breege alisema miguu huvimba kadiri siku inavyosogea, na buti zinazomtosha asubuhi zinaweza kumuumiza jioni.

Assumpta akaangalia zile buti za zamani, akatikisa kichwa. "Kwa matope ya kwenu Currabeg, Phelim, wewe hutaki buti. Wewe unataka boti."

"Nipe gambuti basi niende zangu."

"Gambuti!" Assumpta akaigeuza moja, akatuonyesha soli. "Angalia upana huu na meno haya. Ukipanda farasi, hii inaingia kwenye kikuku cha tandiko haitoki. Farasi akikuangusha utaburutwa mpaka kwa Mungu. Na ndani mguu unatoka jasho, unashinda umelowa hata bila mvua. Kwa mguu wako hapana."

Akaleta ndefu za ngozi tupu, zinang'aa. Nzuri, lakini mkojo wa farasi na samadi hula ngozi na nyuzi, zingekuwa zimepasuka kabla baridi haijaisha. Akaleta nyingine zenye zipu nyuma. Mzee mwenyewe akazikataa: "Tope likiingia kwenye meno ya zipu mtanikata mguu kunivua." Sote tulicheka. Sasa ninapoandika sioni la kuchekesha.

Mwishowe akatoa jozi ya kahawia. Chini ni mpira mpaka juu ya kifundo, juu ni ngozi iliyotiwa mafuta. Ndani kuna sufu. Kisigino kipo, si kirefu, cha kuzuia mguu usipenye kwenye kikuku. Soli ina meno madogo ya kushika tope lakini si pana. Na mbele zina kamba kutoka muundini hadi karibu na vidole, zikilegezwa zinafunguka wazi kama kitabu.

Mzee akazivaa, akapiga hatua mbili. "Zinanitosha."

"Unajuaje?" Assumpta akamuuliza, kwa upole.

Assumpta akapiga magoti, akamwomba avue, akaweka mguu wake juu ya kadi ngumu, akauchora kwa penseli na kuukata ule mchoro. Akaisukuma kadi ndani ya buti. Ikajikunja pembeni. Akaleta saizi ya juu yake. Kadi ikalala bila kukunjika. Kisha akaniambia, "Dervla, tia mkono. Kila asubuhi kabla hajavaa, tia mkono mpaka mwisho. Jiwe, mshono, punje ya shayiri, chochote. Yeye hatahisi, basi uhisi wewe."

Njia nzima ya kurudi mzee alitazama nje. Tulipofika langoni akasema, "Nimevaa viatu miaka sabini bila mwanamke kutia mkono ndani."

2 Novemba

Misa ya marehemu. Alitaka kuvaa buti mpya makaburini kwa mkewe. Nikatia mkono, nikakuta jani kavu. Akangoja ameshikilia mlango.

9 Novemba

Mvua, upepo. Uani sasa tunatembea juu ya mbao. Buti zake hazijaingiza tone. Nimezisafisha kwa maji baridi na brashi, nikazijaza magazeti, nikaziweka mbali na jiko ili ngozi isikauke na kupasuka. Mguu mkavu, hauna alama. Najikuta nimeridhika kama mtu aliyepika chakula kikaliwa chote.

13 Novemba

Viazi, kabichi, nguruwe. Mvua.

18 Novemba

Leo ameanguka. Alikuwa anabeba ndoo mbili, nikaona mguu umetua ukingoni mwa ubao, mwili ukaendelea na safari yake. Alikaa katikati ya tope, maji ya ndoo yanamchuruzika kifuani, farasi wote wametoa vichwa kumtazama. Nikamkimbilia.

"Usiniguse!"

Akajiinua kwa kushika nguzo. Ilichukua muda. Mimi nilisimama mikono imening'inia, na kusema kweli nilimchukia. Nilijiambia, huyu mzee anataka afe mbele yangu ili mwanawe aniulize nilikuwa wapi.

1 Desemba

Nilihamisha pipa la shayiri ghalani kufagia mavi ya panya. Nyuma yake nikakuta buti za zamani. Mbichi. Tope la leo.

Nikaelewa kwa nini zile mpya zinakuwa safi siku hizi. Anazivaa mbele yangu, anatoka nazo, anafika ghalani anabadilisha.

Nikamfuata kwenye zizi la Liath, yule wa kijivu anayempenda. Sikupiga kelele mwanzoni. Nikamuuliza kwa nini.

"Zile mpya ni nene," akasema, anaendelea kumpiga farasi brashi. "Nikivaa zile sijui chini kuko wapi. Hizi za zamani zinanipigia kelele. Zinakwaruza, zinafyonza, nasikia kwa masikio. Nikisikia *fyoo*, najua ni tope. Nikisikia *krr*, najua ni saruji. Kwenye mpya natembea juu ya mawingu, ndiyo maana nikaanguka."

"Zimepasuka, Baba! Zinaingiza maji. Unataka wakukate mguu?"

"Mguu ni wangu."

"Na mimi nitakayekuosha na kukuuguza?"

Hapo akageuka. "Hakuna aliyekuomba. Wewe si mtoto wangu. Eunan alikuleta hapa kukaa naye, naye hakai. Ukichoka, barabara unaijua."

Nikazichukua zile buti nikazitupa ndani ya pipa la taka, mbele yake. Chakula cha jioni tumekula kila mtu na sahani yake, yeye chumbani kwake.

4 Desemba

Barafu alfajiri, mvua mchana. Hatusemezani. Nikitia mkono ndani ya buti anageuza uso.

9 Desemba

Naandika nikiwa hospitali, kwenye karatasi ya muuguzi. Nitainakili nikirudi.

Asubuhi Nora alikwama. Mtaro wa shamba la chini ulifurika, akazama mpaka tumboni, na kila alipopapatika akazidi kuzama. Nikampigia simu jirani alete trekta. Mzee alishafika mtaroni kabla sijafunga simu. Alikuwa ameingia ndani ya tope lile, amemkumbatia shingo ili kichwa kisiende chini, anamwambia maneno. Sijawahi kumsikia akisema na binadamu hivyo. "Tulia, mama. Tulia, bibi yangu. Wanakuja, wanakuja." Tulimpitishia mikanda chini ya tumbo, trekta likavuta polepole, naye mzee hakumwacha mpaka miguu yote minne iliposimama kwenye nyasi.

Tulimkausha kwa majani makavu, tukamfunika mablanketi, tukampa maji ya uvuguvugu. Ilikuwa alasiri tulipoingia jikoni. Nikaona mstari wa damu sakafuni kutoka mlangoni mpaka kiti chake. Nikafikiri ni ya Nora.

Nikatazama miguuni. Alikuwa amevaa zile za zamani. Alizitoa kwenye pipa la taka, sijui siku gani.

"Baba, vua."

"Kuna nini?"

Buti ya kulia haikutoka. Niliivuta, ikakataa, kama imeshonwa kwenye mguu. Nikachukua mkasi nikaikata kutoka juu. Msumari wa chuma cha kwato, mrefu, umepenya soli laini iliyooza, umepita kati ya vidole na kutokea juu. Alitembea nao. Nadhani tangu asubuhi, kabla ya mtaro. Tope la mtaroni lote limepita humo.

Aliutazama ule msumari. Rangi ikamtoka. Si maumivu, hakuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Akanyoosha mkono akaugusa mguu wake kwa kidole kimoja, taratibu, kama vile mtu anavyogusa farasi asiyemjua.

"Dervla," akasema. Nikangoja kosa langu. Hakuwa na la kuongeza.

12 Desemba

Wamekata vidole viwili. Homa ipo.

15 Desemba

Homa imeshuka. Jirani analisha farasi asubuhi, mimi jioni, katikati niko hapa. Eunan kapiga simu kutoka melini. "Wauzwe," akasema. "Wote. Mzee amekwisha, na wewe utakwisha." Miezi miwili iliyopita ningemshukuru. Nikamwambia tuongee akirudi.

17 Desemba

Leo mzee amesema. Mvua ilikuwa inapiga dirisha la wodi na nilidhani amelala.

"Unajua ni lini ilianza?" akaniuliza. "Mwaka wa tano huu. Ilianza kwenye vidole. Nikadhani ni baridi. Kisha siku moja nilisimama uani nikashindwa kujua kama nimesimama. Ukitazama chini, miguu ipo. Ukitazama pembeni, imekwenda. Ni kama kusimama ndani ya kisima, Dervla. Kwangu ni giza mchana na usiku."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Eunan angeuza farasi." Akajivuta juu ya mto. "Na juu ya farasi sina ganzi. Hilo hujalijua. Nikikaa juu ya Liath, najua ardhi. Akikanyaga jiwe nalijua. Akikanyaga tope, najua lina kina gani. Naipata hapa," akajishika kiuno, "na hapa," akashika uti wa mgongo. "Miguu yake minne inanitosha. Nikishuka tu, naingia kisimani tena."

Miaka yote nilimwona anapanda farasi mvua inyeshe au isinyeshe, hata kwenda sanduku la barua, nikasema ni kiburi cha mzee anayetaka kuonekana.

"Lile neno la zizini," akasema, "la kwamba wewe si mtoto wangu."

"Lilale huko huko zizini, Baba."

"Hapana. Lilikuwa neno baya." Akafumba macho. "Mtoto wangu angezitupa zile buti mbali zaidi."

25 Desemba

Eunan yupo, mzee karudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Bata, viazi. Baba na mwana wamezungumza hali ya hewa.

28 Desemba

Nimemweleza Eunan habari ya kisima. Tulikuwa ghalani, anashusha majani makavu. Alisimama na robota la majani mikononi. "Hakuniambia," akasema. Nikamwambia, hakumwambia mtu. Tumekubaliana: farasi wa watu warudishwe kwao kabla ya Februari, na wetu wawili wauzwe kwa watu tunaowajua. Wanne wabaki. Mzee akasikiliza, akauliza wanne gani. Tulipowataja akaitikia kwa kichwa.

11 Januari

Theluji, kisha mvua juu ya theluji. Kazi yote ya uani sasa ni yangu. Buti zangu zimekufa. Wiki iliyopita nilienda kwa Assumpta na mzee akalazimisha kuja. Kutoka kwenye kiti chake alinikatalia jozi tatu. "Hizo soli ni laini mno." "Hizo nyembamba kisiginoni, utazichana kwa kuzivua mlangoni." "Hizo nzuri, kwa kwenda dansi." Nimenunua alizochagua. Zina uzito, zina sura mbaya, na wiki nzima miguu yangu ni mikavu.

1 Februari

Sikukuu ya Mtakatifu Brigid. Wanasema ndiyo mwisho wa majira ya baridi na mvua. Tope halijaambiwa.

9 Februari

Breege hapendi rangi ya kile kidonda. Amekitazama mara mbili, akakinusa.

26 Februari

Uchafu umeingia kwenye mfupa. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti nzuri, amechora mstari hewani chini ya goti. Wataukata mguu tarehe ishirini Machi. Mzee akauliza, "Nitapanda farasi?" Daktari akasema wapo wanaopanda na mguu wa bandia. Hakusema ndiyo.

12 Machi

Wiki nzima bila mvua. Upepo mkavu kutoka mashariki. Ua umeshika, unatembea juu yake.

Asubuhi mzee akaniita. "Nataka nimpande Liath kabla sijaenda."

Nilijua atasema, na nilikuwa nimejiandalia jibu la hapana kwa siku kadhaa. Nikampigia Breege. Akasema atapita kubadilisha bandeji. Akaufunga mguu vizuri mno, pamba juu ya pamba, plastiki juu ya bandeji. Alipomaliza akakusanya vitu vyake. "Mimi nimekuja kufunga kidonda," akasema. "Sijaona farasi yeyote." Akaondoka bila kutazama dirishani, na Liath alikuwa ametandikwa pale pale nje.

Zile buti za kahawia. Nikalegeza kamba zote mpaka chini, zikafunguka, mguu wenye bandeji ukaingia bila kusukumwa. Hakuna buti nyingine dukani kwa Assumpta ingeupokea. Nikafunga kamba huru.

Tulimpandisha kwa ngazi ya mbao, mimi na jirani. Alikuwa mwepesi, nguo zilikuwa nzito kuliko yeye. Nikamtia miguu kwenye vikuku mmoja mmoja, nikajaribu kila mmoja: unaingia, unatoka, unaingia. Kisha nikashika kamba ya Liath tukazunguka ua. Mzunguko wa kwanza alikuwa amejikunja. Wa pili mgongo ukanyooka.

"Achia kamba," akasema.

"Baba."

"Dervla. Achia."

Nikaachia.

Alitoka langoni kwa mwendo wa kutembea, akapinda kushoto kwenye barabara ya mlimani. Kwanza nilimwona kofia juu ya ua wa miiba, kisha sikumwona. Nilisikia kwato kwenye lami, kisha kwenye kokoto, kisha udongo ukazimeza. Jirani akanitolea sigara. Mimi sivuti sigara. Niliivuta yote.

Aliporudi uso ulikuwa mwekundu na macho yanatoka machozi ya upepo. Akainama juu ya shingo ya Liath, akaniambia kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo: "Shamba la juu limekauka. Linabeba farasi. Watoeni."

"Tutawatoa ukirudi kutoka hospitali."

"Nyasi hazingoji mguu wa mtu. Watoeni."

20 Machi

Eunan yuko naye hospitali. Nilitaka kwenda, mzee akakataa: farasi kwanza.

Nikawapeleka wanne wote shamba la juu. Tangu Oktoba hawajafunguliwa kwenye ardhi kavu. Nikawafungua mmoja mmoja langoni. Walisimama pale pale, wameinua vichwa, wananusa, kama hawaamini. Halafu wakaenda. Ardhi ilitikisika, niliisikia kwenye nyayo zangu, ndani ya zile buti mbaya, mpaka magotini. Walikwenda mpaka kwenye ukuta wa mawe, wakageuka kwa pamoja, wakarudi wakirusha mateke, wakapita karibu nami nikapigwa na vipande vya udongo usoni.

Simu ikalia mfukoni. Nikafunga lango kwanza.

Nilidhani ni Eunan. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito kwa dawa, maneno yanaburuzana.

"Wamekimbia?"

"Wamekimbia, Baba."

Nikamsikia akivuta pumzi, kwa muda mrefu. Nyuma yake mashine ilikuwa inalia taratibu.

"Nani katangulia?"

Nikatazama. Walikuwa wameshaanza kula, wametawanyika kwenye mteremko, mvuke unawatoka mgongoni.

"Nora," nikasema. "Wote walimfuata Nora."